George Mukabi: Galacha wa Gitaa Aliyerudi Katika Santuri

Marehemu George Mukabi alikuwa Mluhya wa upande wa Kakamega, wala hakuwa na nasaba na Wagusii. Hata hivyo wazee niliokaa nao Keroka na Nyamira humtaja kama vile alikuwa jirani yao wa mlango kwa mlango.

Sababu yake si ya kutafutwa mbali. Nyamira imepakana na Kericho, na katika mashamba ya chai ya Kericho Mgusii na Mluhya walilala kambi moja, wakapokea mshahara siku moja. Nako kwenye mshahara hakukosekani gramafoni. Tena Mukabi hakuimba Kiluhya peke yake, aliimba na Kiswahili. Basi kila mtu akajiona ameimbiwa yeye.

Alizaliwa yapata mwaka 1930. Gitaa wakati huo lilikuwa kitu kigeni, lililoenea sana baada ya askari kurudi kutoka Vita Vikuu vya Pili. Wengi walijifunza kwa kuwafuata wapigaji wa Kongo, hasa Mwenda wa Katanga. Mukabi alisikia hayo, lakini alilipigisha gitaa lake kwa mwendo wa ngoma za kwao. Dole gumba lilishika nyuzi nene, kidole cha shahada kikicheza juu, na pembeni mwenzake akikwaruza chupa ya Fanta yenye mifuo. Mtindo huo ndio ulioitwa omutibo. Akishaimba ubeti hunyamaza, gitaa likaurudia ubeti ule ule kwa nyuzi. Mimi niliyelelewa kwa vina na mizani nasema hiyo ni adabu kubwa: shairi linapewa nafasi ya kusikiwa mara mbili.

Kiswahili chake nacho! Mwalimu wangu wa chuoni angalichukua bakora. Ngeli zinagongana, na matamshi ni ya bara hasa. Lakini msikilizaji, usidanganyike. Sengula Nakupenda umeshika mioyo ya watu kwa maneno machache ambayo mtunzi wa pwani angeyaona ya kawaida mno. Mtoto si Nguo jina lake tu latosha kumkalisha mzazi chini akafikiri. Sisi wa pwani tumezoea kudhani ushairi wa Kiswahili unaishia pale minazi inapoishia. Mtu huyu ni shahidi dhidi yetu.

Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, Mukabi aliuawa katika ugomvi uliohusu mambo ya nyumbani. Hata miaka arobaini hakuifikia. Kisa hicho kimeshapakwa chumvi nyingi, nami sitaongeza yangu. Mwanawe Johnstone alikuja kulishika gitaa akaziimba nyimbo za babake.

Sahani alizoziacha zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja wimbo mmoja wa dakika tatu hivi, na zikianguka huvunjika kama kigae. Kwa hiyo nilifurahi kujua kwamba mwaka 2017 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Olvido ilizikusanya nyimbo zake katika santuri moja ndefu, ikaipa jina Furaha Wenye Gita. Nilifurahi, kisha nikaona uchungu. Santuri kama hiyo hununuliwa na watu wa Ulaya na Marekani wenye mashine za kuichezea. Yule aliyekuwa akichuma chai, aliyetoa shilingi zake ili Mukabi ajulikane, atainunua kwa nini na ataichezea wapi?

Mzee mmoja wa Nyamira gramafoni yake imekosa sindano miaka mingi, sasa ameifanya meza ya taa. Nyimbo hizo alizisikiliza katika simu ya mjukuu wake, akiiweka sikioni kama mtu anayepokea habari za msiba. Lililomshughulisha baadaye si Mukabi tena. Aliniuliza juu ya sahani za Kigusii alizokuwa akizinunua mjini Kisii ujanani, zile za gitaa na zile za obokano, zeze kubwa la nyuzi nane linalonguruma kama nyuki. Alizihesabu kwa vidole. Zilikuwa kumi na moja. Tatu anakumbuka rangi ya karatasi yake ya katikati, mwimbaji amemsahau.