Bibi Ada Lovelace

Ada alizaliwa mjini London tarehe 10 Desemba, 1815. Babaye, mshairi Byron, aliachana na mamaye Ada akali mchanga. Mama akahakikisha bintiye anafundishwa hesabu. Mwaka 1833 Ada alikutana na Bwana Charles Babbage, aliyekuwa akibuni mashine za kupiga hesabu.

Mwaka 1843 Ada alifasiri makala ya Kifaransa juu ya mashine mpya ya Babbage, akaongeza maelezo marefu kuliko makala yenyewe. Humo zilichapwa, hatua kwa hatua, amri za kuifanya mashine ikokotoe namba za Bernoulli. Lakini mashine ile haikukamilika. Ada alifariki mwaka 1852, mwenye umri wa miaka 36, bila kuona amri hata moja ikitimizwa.

Leo mtu anayeandika katika programu iitwayo Vim hupiga nukta mbili, alama ya mshangao, kisha amri. Kompyuta huitimiza mara moja, naye hurudi kwenye maandishi yake.

Basi, ndugu wasomaji, tusiache kazi njema kwa kuwa vyombo vyake bado havijapatikana.