PATRICK LESLIE NA HESABU ZA PANYA

Leo tumkumbuke Patrick Leslie, Mskoti aliyezaliwa 1900. Alisomea udaktari Oxford, lakini maradhi yakamkatiza. Hakukata tamaa bwana! Aligeukia hesabu, na 1935 akaingia kituo cha Charles Elton cha kuchunguza wanyama. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kituo hicho kilitafuta mbinu za kupunguza panya.

Mwaka 1945 Leslie alitoa jedwali lake: safu ya juu ni watoto wanaozaliwa kwa kila umri, chini yake ni wanaobaki hai. Zidisha, unapata idadi ya kipindi kijacho. Mwaka 1948 akaongeza: wanyama wakisongamana, ongezeko hupungua. Alifariki miaka ya 1970.

Siku hizi mwanafunzi huandika programu fupi tu, kompyuta ikarudia hesabu hiyo mara mia. Hebu jaribuni na kunguru wetu wa Mji wa Kale. Tukiwaua wachache huku jaa limefurika chakula, waliobaki watapata nafasi ya kuongezeka tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kina ukingo.