Karoli Lwanga: Msomaji aliyesimama kati ya mfalme na watoto

Juni 3 kila mwaka, Wakatoliki wa Noonkopir, mjini Kitengela, hujiunga na wenzao kote Afrika Mashariki kumkumbuka Karoli Lwanga na mashahidi wenzake wa Uganda. Katika mtaa huo wa Kaunti ya Kajiado, kama ilivyo kwingineko nchini, kijana wa leo huishika simu kabla hajaishika rozari. Masomo ya Misa, matangazo ya jumuiya, kejeli za marafiki na mialiko ya watu asiowajua, vyote humfikia kupitia kioo hicho kimoja.

Huenda ikadhaniwa kwamba mtu aliyeuawa mwaka 1886, zama ambazo Buganda haikuwa na redio wala simu, hana la kumfunza kijana huyo. Maisha ya Lwanga yanathibitisha kinyume chake.

Lwanga alizaliwa yapata mwaka 1860 katika ufalme wa Buganda, na alikuwa wa ukoo wa Ngabi. Alikua wakati ambapo jambo geni lilikuwa likiitikisa nchi hiyo, nalo ni maandishi. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walikuwa wametangulia na Kurani. Wamisionari wa Kianglikana wakafuata mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kanisa Katoliki wakawasili Februari 1879. Kiswahili kilitumika katika mafunzo ya mwanzo, na mmisionari Alexander Mackay akawa anachapa kurasa za kujifunzia kwa mtambo wake mdogo.

Vijana walizipapia kurasa hizo. Kusoma na kuamini vikawa kitu kimoja, hata wafuasi wa dini mpya wakaitwa wasomaji. Kwa hiyo tangu mwanzo, imani katika Buganda ilisafiri kwa chombo kipya cha mawasiliano, na waliokimudu chombo hicho kwa wepesi zaidi walikuwa vijana.

Mwishoni mwa mwaka 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kwenda kusini, wasirejee hadi Julai 1885. Kwa muda huo wote hapakuwa na padri wa kuadhimisha Misa wala wa kubatiza. Wengi wangetarajia kwamba mbegu iliyopandwa ingenyauka. Badala yake iliota, kwa kuwa waumini wenyewe walifundishana usiku nyumbani mwao, aliyejua herufi akimwelekeza asiyejua. Ni kwa waumini wa namna hiyo, wala si kwa padri, ambako Lwanga aliyapata mafundisho yake ya kwanza.

Kabaka Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, ambaye bado alikuwa kijana asiyefikia umri wa miaka 20, akashika ufalme. Lwanga aliingia katika utumishi wa ikulu wakati huo. Alikuwa mwenye nguvu, hodari wa mieleka na mpole wa tabia. Haukupita muda akakabidhiwa uangalizi wa watumishi vijana wa baraza la Kabaka, chini ya msimamizi wao mkuu, Yosefu Mukasa Balikuddembe, ambaye naye alikuwa Mkatoliki.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima kubwa na hatari kubwa vilevile. Watumishi hao walikuwa wana wa watu waliopelekwa ikulu ili wajifunze adabu za utawala na baadaye wapewe vyeo. Baadhi yao walikuwa wadogo mno. Kabaka alikuwa na mazoea ya kuwataka kimwili baadhi ya wavulana hao, na katika ikulu ambamo neno la mfalme lilikuwa sheria, mtoto hakuwa na pa kukimbilia. Mukasa alijitwika wajibu wa kuwakinga. Aliwaonya, aliwatuma kazi za mbali na aliwaweka mahali ambapo mfalme asingewaona kwa urahisi.

Oktoba 29, 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Kabaka alikuwa na sababu za kuwahofu wageni, kwa maana habari za Wajerumani kunyakua ardhi upande wa pwani zilikuwa zimemfikia. Hata hivyo, Mukasa alithubutu kumlaumu kwa kumuua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Ujasiri huo, ukiongezwa juu ya hasira iliyokuwapo kuhusu watoto, ulimgharimu maisha yake Novemba 15, 1885.

Siku hiyohiyo Lwanga alikwenda kwa mapadri akabatizwa. Hakuna aliyeweza kumlaumu kama angejificha, kwani alikuwa ameona kwa macho yake malipo ya kazi ile. Alirudi ikulu akachukua nafasi ya Mukasa, na kwa miezi sita akaendelea kuwafundisha vijana na kuwaepusha na matakwa ya mfalme.

Mei 25, 1886, Kabaka alirejea kutoka mawindoni katika makao yake ya Munyonyo, kando ya ziwa, akakuta watumishi wake hawapo. Alipouliza, aligundua kuwa kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mwana wa Katikiro. Kwa ghadhabu alimpiga Ssebuggwawo kwa mkuki, na kijana huyo akamalizwa na wauaji. Milango ya ua ikafungwa.

Usiku huo Lwanga aliwakusanya vijana wake. Wanne kati yao walikuwa bado hawajabatizwa, naye akawabatiza kwa mkono wake. Walikuwa Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, mdogo kuliko wote.

Asubuhi wote waliitwa barazani, wakaamriwa wale wanaosali wajitenge na wengine. Lwanga alitangulia, na vijana wakamfuata. Hukumu ilikuwa kifo kwa moto huko Namugongo. Baadhi yao waliuawa njiani wakati wa mwendo huo mrefu wa miguu. Waliobaki walifungwa kwa takriban wiki moja huku kuni zikikusanywa. Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na mkuu wa wauaji, Mukajanga, alisihiwa na jamaa zake akubali kufichwa au aikane dini, lakini hakukubali.

Juni 3, 1886, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Vijana wake, Wakatoliki kwa Waanglikana, waliteketezwa pamoja siku hiyo. Kati ya mwaka 1885 na 1887, mashahidi wanaotambuliwa walifikia Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Mwanga alidhani ameizima dini ya wasomaji, kumbe ameipalilia. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe aliondolewa katika kiti, na alipofariki uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 alikuwa amekwisha kubatizwa, akaitwa Danieri. Lwanga na wenzake 21 walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964. Mwaka 1934 Papa Pius XI alikuwa amemteua Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika. Leo Juni 3 ni siku ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda, na mahujaji wanaokwenda Namugongo, wengine kwa miguu, hutoka hata Kenya.

Zipo sababu za kuyapima maisha hayo kwa mizani ya mtandao. Septemba 7, 2025, Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15, ambaye alitumia kompyuta kukusanya na kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Jina lake ni lilelile la Karoli. Mmoja alitumia kurasa za karatasi, mwingine kurasa za intaneti, na wote wawili hawakukingoja cheo ili waanze kufundisha.

Lakini Lwanga anaongeza jambo ambalo ni rahisi kusahauliwa. Kutuma aya ya Injili kila asubuhi, au kuweka picha ya mtakatifu kwenye ukurasa wako, ni jambo jema, ila halikuwa kiini cha kazi yake. Kiini kilikuwa kuwajua wadogo waliokuwa chini yake, kutambua nani anawindwa, na kusimama katikati.

Ikulu ya leo haina ua wala walinzi. Mtu mzima mwenye nia mbaya haimlazimu kumwita mtoto barazani, maana anaweza kumfikia kitandani kwa ujumbe mfupi, zawadi ya salio na ombi la picha. Kijana wa Noonkopir aliye msimamizi wa kundi la WhatsApp la kwaya au la watumishi wa altare amekabidhiwa, apende asipende, kazi inayofanana na ya Lwanga. Yeye ndiye wa kwanza kuona mgeni aliyeingia bila kujulikana, mtoto aliyenyamaza ghafla, au picha ya aibu inayosambazwa ili kumdhalilisha mwenzake.

Kwa jambo hilo hayuko peke yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inaadhibu wanaosambaza picha chafu za watoto na wanaowaandama wenzao mtandaoni. Nambari 116 hupigwa bila malipo kuripoti mtoto anayedhulumiwa. Lwanga hakuwa na sheria wala nambari ya kupiga. Alikuwa na imani aliyoisoma usiku kwenye kurasa chache, na watoto ambao hakukubali kuwaacha peke yao.