Maisha ya Althea Gibson

Watoto wa Bukoba na Muleba wajua kufunga mpira wa majani makavu ya migomba na kuuchezea njiani. Althea Gibson naye alianza michezo yake njiani, ingawa njia yake ilikuwa katika mji mkubwa wa New York.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, Carolina ya Kusini, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi, wakulima wa pamba, na pamba haikuwapa riziki ya kutosha. Basi Althea alipokuwa angali mdogo walihamia Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York. Shule hakuipenda, alitoroka, akapigwa, akatoroka tena. Lakini njia iliyopita mbele ya nyumba yao ilifungwa mchana, magari yasipite, ili watoto wacheze. Hapo alijifunza kupiga mpira kwa kibao, akawashinda wenziwe. Mpiga muziki mmoja, Buddy Walker, alipomwona akampatia raketi, yaani kipigio cha nyuzi cha mchezo wa tenisi.

Siku zile mashindano makubwa ya tenisi ya Marekani yalikuwa ya weupe tu. Weusi walikuwa na mashindano yao, na Althea alikuwa bingwa wa wanawake humo miaka 10 mfululizo, tangu 1947 hata 1956. Waganga wawili weusi, Hubert Eaton na Robert Johnson, walimtunza kama binti yao. Katika mji wa Wilmington alikokaa Eaton, viwanja vya watu wote vilikuwa haramu kwa weusi; kwa hiyo Althea alicheza katika uwanja wa nyumbani kwa mganga. Huko alirudi shuleni, akamaliza masomo mwaka 1949, hali amekwisha kuwa mtu mzima. Hakuona haya.

Mwaka 1950 Alice Marble, mwanamke mweupe aliyekuwa bingwa zamani, aliandika katika gazeti la tenisi kuwakemea wakubwa wa mchezo huo kwa kumzuia Althea. Mlango ukafunguliwa. Katika mchezo wake wa pili huko Forest Hills alikutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon. Mwanamke akishinda seti mbili amekwisha shinda, na kila seti huhesabiwa kwa geimu. Althea alishindwa seti ya kwanza, akashinda ya pili, na katika ya tatu alikuwa mbele kwa geimu 7 kwa 6. Ghafula mbingu ikawa nyeusi, radi ikapiga, ikaangusha sanamu ya tai ya jiwe juu ya ukuta wa uwanja. Mchezo ukaahirishwa. Usiku kucha Althea alikuwa na hofu yake, na kesho yake Brough akamshinda 9 kwa 7.

Miaka kadhaa ikapita bila ushindi mkubwa. Alimaliza chuo mwaka 1953, akafundisha michezo, nusura aiache tenisi akaingie jeshini. Hata mwaka 1956 akashinda Paris. Na mwaka 1957, huko Wimbledon, alimshinda Darlene Hard, akapewa tuzo kwa mkono wa Malkia Elizabeth II. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda huko. New York ikampokea kwa maandamano. Mwaka 1958 alishinda tena, na katika miaka yote miwili akawa bingwa wa Marekani pia.

Lakini mashindano hayo hayakuwa na malipo. Bingwa alipata sifa, naye bado alitafuta kodi ya nyumba. Ndipo Althea akageuka mchezaji wa kulipwa, akizunguka na timu ya mpira wa kikapu na kucheza tenisi kabla ya michezo yao. Mwaka 1964 aliingia katika gofu, mweusi wa kwanza katika chama cha wanawake wa kulipwa. Mahali pengine alikatazwa kuingia nyumbani mwa wachezaji, akabadili viatu garini. Wimbledon ilipoanza kulipa mwaka 1968, yeye alikuwa wa miaka 40.

Uzeeni alipatwa na maradhi na umaskini. Angela Buxton, Mwingereza aliyeshinda pamoja naye mchezo wa wawili wawili Paris na Wimbledon mwaka 1956, alitangaza shida yake katika gazeti la tenisi, na watu wa nchi nyingi wakampelekea fedha. Akaishi kwa fedha hizo hata alipofariki huko New Jersey, tarehe 28 Septemba 2003.