Mchungaji Aliyewageuka Kondoo

Unadhani ukiacha chuo maisha yameisha? Basi mjue John Muir. Alizaliwa Scotland mwaka wa 1838, familia ikahamia Marekani 1849. Akaingia Chuo Kikuu cha Wisconsin, akatoka bila digrii. Mwaka wa 1867 akiwa kiwandani, chombo kilimdunga jicho, nusura awe kipofu. Alipopona, akaachana na mashine.

Kiangazi cha 1869 alipata kibarua California: kuandamana na kondoo kama 2,000 hadi Tuolumne Meadows, uwanda wa nyasi ulio mita 2,600 hivi juu milimani. Huko theluji hukaa miezi mingi, kwa hivyo ndago na nyasi za mafungumafungu zina muda mfupi sana wa kukua. Kondoo wakizitafuna na kuzikanyaga wakati huo, zimekwisha. Jamaa akayaona hayo yote, na mshahara ndio huo huo.

Mwaka wa 1889 alirudi kupiga kambi hapo na mhariri mmoja wa jarida. Akaandika makala mbili, na Oktoba 1890 Yosemite ikawa mbuga ya kitaifa. Wanajeshi wakaanza kutimua kondoo.

Muir alifariki 1914. Kazi ni kazi, sawa. Lakini wewe ukilipwa, nini kinakanyagwa?