George Adamson: Mwindaji wa Isiolo Aliyegeuka Mlezi

Wengi wetu tumesikia habari za simba Elsa, lakini je, mzee aliyemlea mwamjua? George Adamson alizaliwa India mwaka 1906, akaja Kenya 1924. Alihangaika na kazi nyingi, hata uwindaji, mpaka 1938 alipoajiriwa na Idara ya Wanyama. Kituo chake kikawa hapa hapa Isiolo.

Kusaka mnyama nchi kavu kama yetu si mchezo. Kabla hujatoka sharti ujue maji yako wapi, ngamia watabeba nini, na nani kati ya wenyeji anajua kusoma nyayo. Hayo yote Adamson aliyajua.

Mwaka 1956 alitoka kumsaka simba aliyeua mtu. Ghafla simba jike akawarukia, wakampiga risasi. Kumbe maskini alikuwa analinda watoto wake watatu! Hilo halikuwa kwenye mpango. Adamson akawabeba hadi kambini kwa mkewe, Joy. Mmoja wao ndiye Elsa, ambaye baadaye walimrudisha porini kule Meru.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Adamson aliuawa na majambazi huko Kora mwaka 1989, akikimbilia kumwokoa mgeni wake.

Wenzangu, kosa la siku moja lilimfanya mlezi maisha yake yote. Sisi je?