Nyaatha wa Gikondi

Kila mwaka ninapofundisha asili ya maneno, huwauliza wanafunzi wangu jina Kariakoo lilitoka wapi. Wachache hujua. Asili yake, msomaji mpenzi, ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, likatamkwa kwa ulimi wa Kibantu. Wapagazi hao walitwaliwa vijijini, Nyeri ikiwamo, wakapelekwa hadi kusini mwa Tanzania ya leo kubeba risasi na chakula cha jeshi. Makumi ya maelfu walifia huko, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi.

Hao ndio aliowauguza Sista Irene Stefani. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, akajiunga na masista wa Consolata na kufika Kenya mwanzoni mwa 1915. Haukupita muda mrefu akapelekwa katika hospitali za kijeshi: Voi, kisha Kilwa na Lindi. Jeshi lilimjua mpagazi kwa nambari. Yeye aliosha vidonda vyake, akamlisha, na alipokata roho akamsitiri. Wapo watakaosema kwamba wamisionari walikuja chini ya bendera ile ile iliyowatwaa wapagazi. Ni kweli, wala sitabisha. Lakini aliyelala Lindi, mbali na kwao, hakuwa na jamaa mwingine wa kumpa maji.

Mwaka 1920 alikuja Gikondi, huku kwetu Mukurweini, akakaa miaka kumi. Alifundisha shuleni, akapanda na kushuka miteremko yetu kwa miguu akiwatafuta wagonjwa. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni lugha, huvutiwa zaidi na kazi yake ya kalamu. Vijana walikuwa wameanza kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kibarua, na wazazi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Sista aliketi akawaandikia barua, na majibu yalipokuja akawasomea. Mama wa Gikondi aliweza hivyo kumuuliza mwanawe kama bado yu hai.

Watu wakamwita Nyaatha. Kiini cha jina hilo ni neno la Kikuyu tha, yaani huruma, nayo th yake hutamkwa karibu na dh ya dhahabu. Hakupewa jina hilo na askofu wala serikali. Nijuavyo mimi, Wakikuyu hawakuwa wepesi wa kuwapa wageni majina ya sifa. Wengi walipewa majina ya kasoro zao.

Mwaka 1930 tauni ilizuka. Alimuuguza mwalimu mmoja mgonjwa, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na umri wa miaka 39. Alizikwa Mathari, Nyeri.

Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa sana. Aliyeongoza ibada ni Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mji ambao soko lake kuu limesimama mahali palipokuwa kambi ya wapagazi. Sijui ni wangapi waliokumbuka hilo siku ile. Wazee wa Gikondi nao waliendelea kumwita Nyaatha, kama walivyozoea.